Vichwa vya Bolti Vilivyobandikwa kwa Gundi

Dada yangu alishushwa kwenye lori akiwa hajitambui... na mimba ya miezi saba!

Jamani, spana ilinidondoka.

"Shemeji, umemfanya nini dada yangu?"

"Sijamfanya kitu! Tangu ninunue hili lori wiki mbili zilizopita, akipanda tu kichwa kinamuuma. Leo kazimia kabisa!"

Tukampepea pale gereji. Akatapika, akafumbua macho, akashika tumbo.

"Anacheza," akasema. Nikashusha pumzi.

Mimi ni fundi wa injini, miaka kumi na mbili sasa. Nikainua kabini. Masizi kila mahali! Moshi ulikuwa unavuja kwenye manifoldi, pale unapotoka injini kwenda ekzosi, na wote unapanda kabini walimokaa.

Nikagusa bolti ya kwanza. Kichwa kikabaki mkononi!

Ya pili... hivyo hivyo. Ya tatu, yale yale!

Zilikuwa zimekatikia ndani. Mtu kabandika vichwa kwa gundi ya chuma isiyoogopa moto, kapuliza rangi juu ili mnunuzi aone nzima.

"Mshenzi gani huyu?" nikafoka. "Unachomelea nati kwenye kipande kilichobaki, unakizungusha kinatoka. Kazi ya nusu siku tu!"

"Nikimpata atanitambua," Shemeji akasema, anasaga meno.

Nikakigeuza kile kichwa. Kwenye gundi iliyokauka kulikuwa na alama ya dole gumba... lenye kovu la kukatisha.

Nikatazama dole gumba langu.

Mungu wangu!

Miezi miwili nyuma, dalali mmoja aliniletea lori jekundu. "Fundi, lipambe tu, natafuta mteja." Nikalipamba, nikabandika na vichwa vya bolti, tena huku nacheka. Hili la Shemeji ni la bluu. Nikakwangua rangi kidogo mlangoni.

Nyekundu.

Nilijichukia. Mikono yangu mwenyewe ilinitia kinyaa.

Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini dada yangu alikuwa bado anatapika pembeni.

"Shemeji... umeshampata."

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alimwinua mkewe, akaita fundi wa jirani alivute lori lake. Dada alipita mbele yangu kama hanijui.

Mafundi wenzangu, huyo mteja usiyemjua ana mke. Na mke huyo ni dada wa mtu.

Mpwa wangu ana miezi minne sasa. Sijaruhusiwa kumshika.