Matone Mawili Kabla ya Mteja

Ndugu zangu, tulieni niwaeleze habari ya mawifi wawili waliopendana, na kichupa kidogo kilichoingia kati yao.

Walishona katika chumba kimoja chenye dirisha pana, vyerehani vyao bega kwa bega. Mmoja tulimwita Pindo, maana hakuna aliyekunja pindo likanyooka kama yeye. Mwingine, mke wa kaka yake, tulimwita Kicheko, na sababu mnaweza kuibahatisha. Walipiga soga tangu asubuhi, wakataniana, na kazi ikaenda.

Vumbi la vitambaa ndilo lililovuruga amani. Macho ya Pindo yalianza kuwasha na kuwa mekundu, na mteja mmoja akanong'ona kwamba fundi amelewa. Neno hilo lilimchoma. Kicheko, kwa huruma tu, akapitia duka la dawa na kurudi na matone ya kuondoa wekundu.

"Tia mawili, wifi. Ukipendeza sana tutakutafutia mume wa pili."

"Huyu mmoja makelele yake yananitosha," Pindo alijibu, akainua uso.

Muda si muda macho yakawa meupe. Lakini dawa ilipoishiwa nguvu wekundu ulirudi, tena umezidi, naye akaongeza matone. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, akawa hampokei mteja kabla hajatia. Hakujua kwamba sasa dawa yenyewe ndiyo iliyoyafanya macho kuwa mekundu. Na angejuaje? Chumbani mle kila boksi lilikatwa vipande vya kuzungushia mabaki ya uzi. Boksi la dawa Kicheko alilikata siku ile ile, bila kulisoma.

Alasiri moja Pindo alisimamisha cherehani.

"Wifi, mbona taa imezungukwa na rangi?"

"Uchovu huo. Pumzika kidogo."

Kichwa kikaanza kumgonga, jicho la kulia likauma sana, akatapika. Kicheko akasema ni tumbo, akamchemshia maji, akamlaza. Hospitali walikwenda kesho yake.

"Katika familia kuna mtu aliyekuwa na presha ya macho?" daktari wa macho aliuliza.

Kicheko ndiye aliyejibu kwamba alikuwepo. Mama mkwe wake, mama mzazi wa Pindo, alifariki akiwa haoni kwa presha hiyo, na kwa miaka minne ni Kicheko aliyemshika mkono kumpeleka bafuni. Alijua. Hakuwahi kuuweka upofu ule na matone haya pamoja.

"Njia ya maji ya jicho lake ni nyembamba," daktari alieleza, kichupa cha Pindo kikiwa mkononi mwake. "Matone ya aina hii yanaweza kuifunga. Na jicho likifungwa hivyo halisubiri kesho."

La kushoto liliokolewa. La kulia halikurudi.

Siku hiyo Kicheko alikwenda chumba cha kushonea peke yake, akafungua uzi kutoka kipande kimoja cha boksi hadi kingine, mpaka akayaona maneno: usitumie zaidi ya siku tatu, na ikiwa una presha ya macho, muone daktari kwanza. Aliketi sakafuni akalia.

Sasa Pindo hushona mapazia tu. Hajamlaumu wifi yake hata kwa nusu neno, na hilo ndilo linalomtesa Kicheko. Cheko lake limekauka. Anakaa upande wa kulia wa Pindo, ule usioona. Mara kadhaa kwa siku, chumba kikiwa kimya, Pindo huuliza:

"Wifi, upo?"

Naye yuko pale pale, umbali wa mkono tu.

"Nipo."

Funzo

Dawa ya macho ni dawa, si poda ya kujipambia. Soma karatasi yake, nawa mikono, na ncha ya kichupa isiguse jicho. Kichupa kiwe cha mtu mmoja, mbali na watoto, maana wakiinywa dawa yake inaweza kuwaua. Wekundu usipoondoka ndani ya siku tatu, acha matone uende ukapimwe; kama ni mzio, mtaalamu atakupa dawa ya mzio. Jicho likiuma, likififia, au taa ikizungukwa na rangi, nenda hospitali saa ile ile. Na wewe unayempa mwenzako dawa kwa mapenzi, muulize kwanza habari za afya yake na za familia yake. Kicheko alimpenda wifi yake. Hakumuuliza.