Vibendera vya Manjano Mbele ya Nyumba

Asubuhi ile Delphine Rucker alianika mashuka. Alipokwenda kuyaanua, yalikuwa na madoa meusi. Lilikuwa jivu. Maduka ya barabara kuu yalikuwa yamechomwa, na jivu lake bado lilikuwa linatuangukia. Lilianguka kidogo kidogo, bila sauti, juu ya nyasi, juu ya magari, juu ya nywele za watoto.

"Bi Verlene!" aliniita kupitia uzio. "Hebu njoo uone. Hiki kilichoungua hapa shukani kwangu kilikuwa nini?"

"Kung'uta tu, mwanangu. Usiulize."

Mimi ni Verlene Stubbs. Nimekuwa jirani wa akina Rucker miaka mingi, na mdomo wangu hauna breki. Waulize watu. Nyumba ile ina watu wanne. Yupo Thaddeus, fundi wa mabasi ya shule. Yupo Delphine mkewe, na binti yao Nyla. Halafu yupo Bi Earline, mama yake Thaddeus, ambaye siku hizi hatembei sana. Wote wanne walikuwa wameugua korona, wakapona. Lakini kitu kimoja hakikurudi. Pua zao zilikuwa hazisikii harufu yoyote. Delphine alikuwa akiunguza vitunguu mpaka mimi ndiye ninayempigia kelele kutoka kwangu.

Jiji letu lilikuwa katika msiba. Polisi walikuwa wamemuua kijana mmoja. Watu waliandamana kwa uchungu, nasi tuliandamana. Kisha zikaja gari tusizozijua, hazina namba, zinapita polepole mtaani. Ukaja moto. Wakaja askari. Ikatolewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa mbili usiku. Mchana mtaa wote ulikuwa kimya. Unakaa barazani, unasikia jokofu la jirani likinguruma. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tulikaa tukiungoja huo mshindo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akisema nasi kila jioni. Huyo ni mbunge wetu katika bunge la jimbo, Mheshimiwa Yolanda Pettiford. Aliisimamisha simu yake juu ya meza ya jikoni, akazungumza nasi moja kwa moja mtandaoni. Nyuma yake ulikuwa unaona birika na vyombo ambavyo havijaoshwa. Alitueleza duka gani la dawa limefunguliwa, chakula kinagawiwa wapi, na barabara ipi imefungwa.

"Mbunge wa masufuria," Thaddeus alikuwa akisema. "Aoshe vyombo kwanza."

Basi, tuliamka siku moja tukakuta alama.

Hakuna aliyesikia mtu. Hata mbwa hawakubweka. Lakini kando ya barabara palikuwa na mishale ya rangi ya manjano, mibichi bado. Kwenye nyasi za nyumba kadhaa vilisimama vibendera vidogo vya manjano, kila kimoja juu ya waya mwembamba. Nyumba nyingine zilikuwa navyo, nyingine hazina. Yangu haikuwa nacho hata kimoja. Kwa Thaddeus mstari ulitoka barabarani, ukakata nyasi, ukaenda moja kwa moja mpaka ukutani, chini ya dirisha la jikoni. Ukiutazama, ni kama kitu kimetembea mpaka pale, kikachungulia ndani, kisha kikaondoka.

Ndiyo, vibendera kama hivyo tulishawahi kuviona siku za amani. Lakini hofu ina macho yake.

Thaddeus alisimama mlangoni na simu mkononi. "Umeona, Bi Verlene? Wamesema nyumba zenye alama ya manjano ndizo zitakazochomwa."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Bi Verlene, watu! Simu nzima imejaa. Soma mwenyewe!"

"Kuna aliyewaona hao wachomaji wakipaka rangi?"

Bi Earline alijibu kutoka ndani, kwenye kiti chake. "Lisemwalo lipo, Verlene. Kama halipo, laja."

Jioni tulifungua simu kumsikiliza mbunge. Watu walimwandikia swali lile lile, mamia yao: alama za manjano ni za nani? Nikaona macho yake yamechoka.

"Nimeziona hata mtaani kwangu," alisema. "Sijui ni za nani. Sitawaambia nisilolijua. Kesho nitauliza, na jibu nitawaletea. Kwa sasa nawaomba msiziguse."

Nilimsikia Thaddeus akicheka upande wa pili wa uzio, kicheko kibaya. "Hajui! Sasa tulimpigia kura ya nini?"

Kulipokucha alitoka na ndoo, sabuni na brashi ngumu. Akaving'oa vibendera vyote akavitupa pipani. Akapiga magoti, akasugua mstari mpaka ukapotea.

"Thaddeus, amesema msiguse."

"Amesema pia hajui. Nikae ningoje mwanangu aungue?" Akaiokota ndoo. "Wewe huna alama, Bi Verlene. Sema unavyotaka."

Neno hilo lilinikata. Niliingia ndani.

Mchana walikuja wanaume wenye barakoa na mtambo wa kuchimba. Hawakusalimia mtu. Walichimba kando ya barabara, haraka haraka, maana nao walitakiwa waondoke kabla ya amri kuanza. Walipofika mbele ya kwa Thaddeus, mtambo ulishtuka. Mmoja akainama akatazama chini. Hakuona mstari wowote. Wakarudishia udongo, wakaenda zao. Kimya kikarudi.

Haya yanayofuata ya ndani ya nyumba, Delphine ndiye aliyenisimulia.

Alikuwa anachanganya unga wa mkate wa mahindi. Bi Earline akainua kichwa.

"Delphine. Nani yuko chini?"

Nyumba zetu zina chumba cha chini, cha kuwekea mashine ya kufulia na vitu vya zamani.

"Hakuna mtu, Mama. Sote tuko juu."

"Yupo. Ananong'ona."

"Ananong'ona nini?"

"Sijui. Hanyamazi hata kuvuta pumzi."

Delphine akaacha unga. Akasikiliza. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akasikia. Sauti nyembamba ilitoka chini ya sakafu, chini ya miguu yake. Ssssss. Ndefu, haina mwisho. Nyla akaisikia pia, akamshika mama yake nguo.

"Thad," Delphine aliita taratibu. "Wameshaingia."

Thaddeus alichukua gongo lake la besiboli.

Wakati huo huo mimi nilikuwa barazani. Nikamwona mwanamke anakuja kwa miguu, barakoa usoni, na karatasi kwapani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa jivu. Sikumtambua mpaka aliposema. Kumbe ni mheshimiwa mwenyewe! Alikuwa anawapelekea wazee wasio na intaneti habari za siku.

"Habari za jioni, mama. Nilisema nitaleta jibu."

"Karibu, mheshimiwa. Lete basi, tumekufa kwa hofu."

"Nimezungushwa kwenye simu tangu asubuhi, ndiyo maana nimechelewa. Alama ni za kampuni ya gesi. Kule kwenye maduka yaliyoungua mabomba yameharibika. Wanataka kuyafunga na kupitisha gesi njia nyingine. Kabla ya kuchimba, huja mtu alfajiri akaweka alama, ili mchimbaji ajue bomba limelala wapi. Manjano ni gesi. Bluu ni maji. Nyekundu ni umeme."

"Mungu wangu," nilisema. "Na mchimbaji asipoona alama?"

"Atachimba akidhani hakuna kitu. Anaweza kulivuta bomba bila kujua, likalegea mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Kwa nini unauliza?"

Nikamwonyesha kwa kidole nyasi za jirani, na ule udongo mbichi. "Thaddeus ameving'oa vyote. Na wamechimba hapo leo mchana."

Hakuniaga. Karatasi zilimwanguka, akaenda mbio. Nami nikamfuata na magoti yangu haya. Mlango wa akina Rucker ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Sijakanyaga hata ngazi, harufu ikanipiga. Mayai yaliyooza! Nzito mpaka machozi yakanitoka. Na humo ndani walikuwa watu wanne, wametulia, wanasikiliza.

Thaddeus alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha chini. Mkono mmoja umeshika gongo. Mkono wa pili unapapasa ukuta, unatafuta swichi ya taa.

"Thaddeus! Usiguse hiyo swichi!" mheshimiwa alipaza sauti.

Ile haikuwa sauti yake ya jikoni. Thaddeus aliganda. Akageuka polepole, kidole mdomoni. "Shhh. Kuna mtu huko chini."

"Hakuna mtu. Hiyo ni gesi inavuja. Husikii harufu?"

"Sisikii kitu, mheshimiwa," alisema. Nilimwona uso ukimbadilika. "Hakuna anayesikia harufu humu ndani."

"Basi toa mkono ukutani. Swichi hutoa cheche, na cheche moja inatosha. Usiwashe taa, wala usizime iliyowaka. Dada, usiwashe jiko. Simu msipige humu, tutapiga tukifika mbali. Acheni mlango wazi. Twendeni. Sasa hivi!"

"Pochi yangu," alisema Bi Earline.

"Mama, pochi iache!" Thaddeus alimbeba mama yake kama mtoto. Delphine alimvuta Nyla, mikono yake ikiwa bado na unga. Mbunge alituambia tupige milango ya majirani tukipita, tusibonyeze kengele, maana kengele nayo ni umeme. Tulikwenda mpaka kona ya mbali. Hapo ndipo alipowapigia zimamoto.

Walikuja, wakafunga gesi barabarani. Wakaingia na kipimo chao. Mkubwa wao alipotoka alikuwa anatikisa kichwa. Bomba lilikuwa limevutwa, likaachia pale linapoingia ukutani, chini ya dirisha la jikoni. Kule chini kulikuwa kumejaa.

"Mngewasha taa," alisema, kisha akamtazama Nyla, akaishia hapo.

Thaddeus alikaa chini kando ya barabara. Jivu lilikuwa linamwangukia mabegani, naye halikung'uti. Akalia, mwanamume mzima.

"Niliogopa watakuja kuichoma nyumba yangu," alisema. "Kumbe kiberiti nilikishika mimi mwenyewe."

Mheshimiwa alikaa karibu naye, pale pale chini. "Uliogopa kwa ajili ya mwanao. Nami jibu langu lilichelewa. Lakini wapo wengine leo wanaong'oa vibendera. Saa ya kuzungumza na watu imefika, na niko hapa bila jikoni. Nitasema kilichotokea. Jina lako sitalitaja."

Thaddeus akajifuta uso. "Litaje. Au nipe hiyo simu niseme mwenyewe."

Akasema. Nilisimama nyuma yao nikasikia kila neno. Alisema jina lake na mtaa wake. Akasema aliamini ujumbe ambao hakujua umetoka kwa nani, akamcheka mtu aliyesema ukweli kwamba hajui. "Kama ulisugua mstari," alisema, "piga simu kampuni ya gesi usiku huu huu. Usione haya. Haya haizimi moto." Mheshimiwa akaongeza kwamba gesi yenyewe haina harufu. Huwekewa uvundo ule makusudi ili watu washtuke. Aliyepoteza pua kwa korona hashtuki, kwa hiyo afunge king'ora cha gesi. Nyumba zaidi ya moja zilipiga simu usiku ule.

Akina Rucker walilala kwangu. Bi Earline alilala chumba cha mbele, na kila nilipopita aliniuliza kama nasikia mtu ananong'ona. Nilimwambia hapana. Nilisikiliza kwanza, ndipo nikamwambia.

Juma lile bomba lilitengenezwa. Thaddeus alifunga king'ora jikoni, juu karibu na dari, kwa sababu gesi ya bomba hupanda. Nyla hukijaribu kila Jumamosi, na kila Jumamosi Bi Earline hukitukana kwa kumshtua.

Pua ya Delphine ilirudi wakati majani yanapukutika. Kitu cha kwanza alichosikia ni vitunguu, akavililia.

Masika yaliyofuata nilifungua mlango alfajiri nikakuta mstari wa bluu. Ulitoka barabarani, ukapita nyasi zangu, ukaishia ukutani, chini ya dirisha la chumba ninacholala. Hakuna aliyekuwa amesikia mtu. Najua bluu ni nini, niliambiwa. Lakini miguu ikanipeleka kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshaishika brashi.

"Bi Verlene." Thaddeus alikuwa kwenye uzio, na sare yake ya kazi. "Weka ndoo chini."

"Nani kasema naenda kusugua?"

"Weka chini, mama. Ngoja tuulize."

Akawapigia simu waweka alama, mbele yangu. Akataja mtaa, akauliza siku, akauliza nani anakuja kuchimba. Akasubiri huku amenishika mkono.

"Maji," alisema. "Ni bomba la maji tu. Wanakuja Alhamisi."

Nikamwaga maji ya ndoo kwenye maua, kwa uangalifu, yasiuguse ule mstari.