Picha Elfu Tatu Bila Folda

Saa nne haijafika, Anifa alikuwa ameshachoka. Kompyuta ya studio yake ya picha, Tabora mjini, ilikuwa imekufa tangu juzi. Na sasa Kashindye, mkulima wa kijiji cha Kwihara, alikaa mbele yake, macho mekundu.

"Mama amefariki, dada. Tunazika kesho. Naomba ile picha uliyompiga kwenye harusi ya mdogo wangu."

"Pole sana, kaka. Picha zote ninazo kwenye diski."

Kweli alikuwa nazo. Lakini siku ya kuchoma diski, yaani kuzinakili picha humo, alifungua kila folda, akachukua picha peke yake, folda akaziacha. Alidhani folda zinakula nafasi. Kumbe alijitafutia balaa! Picha elfu tatu zilikuwa zimemwagika ovyo, zina namba za kamera tu. Aliazima kompyuta, akapekua mpaka macho yakamuuma. Picha ya mama aliipata siku ya tatu. Mazishi yalikuwa yamepita, na Anifa aliona aibu hata kumpigia Kashindye simu.

Jirani yake Lukumani, fundi wa kompyuta, hakumbembeleza.

"Dada Anifa, ukihama nyumba unamwaga nguo barabarani? Si unabeba sanduku zima? Basi beba folda nzima, na folda ndogo zilizomo ndani. Ukishachoma, fungua diski uone kama picha zinafunguka. Andika juu yake jina na tarehe. Halafu choma ya pili, ukaiweke nyumbani."

"Kazi yote hiyo?"

"Umepekua siku tatu. Hiyo haikuwa kazi?"

Anifa akarudi kwenye kompyuta ya kuazima. Alizipanga picha upya kwa wiki mbili, akinung'unika kila siku: folda ya kijiji, ndani yake ya ukoo, ndani yake ya shughuli. Kisha akachoma diski mbili, folda zote zikiwa mahali pake.

Baada ya miezi sita, Kashindye akarudi. Safari hii alikuwa amefiwa na baba, akaomba picha yake.

"Kama ipo lakini," alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

Anifa akaingiza diski. Akafungua folda ya Kwihara, akafungua Kashindye, akafungua Harusi. Chai aliyompa mgeni ilikuwa bado ya moto.

Kwenye picha, mzee alikuwa amesimama ubavuni mwa mkewe, wote wanacheka. Kashindye akagusa uso wa mama yake kwenye kioo cha kompyuta.

"Nitolee mbili, dada," alisema. "Moja ya baba. Nyingine nampelekea mama kaburini."