Kuni Zisizogongwa

Kila asubuhi ilikuwa kazi ya Nusrat kuingiza kuni jikoni. Kwao, kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu, ukuni haukuvuka mlango kabla ya kugongwa kwenye jiwe la nje, maana wadudu hupenda kujificha kwenye magome. Mama yake, Bi Mwantum, aliyasema hayo mpaka Nusrat akayachoka.

Jumamosi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mvua ya Tukuyu ikishafika haijui kuaga. Nusrat aliona uvivu kusimama nje. Alibeba mzigo mzima, akautupa kando ya jiko, akarudi kukoroga uji. Mdogo wake Anwari, wa miaka miwili, alikuwa akicheza pekupeku karibu na zile kuni. Mara akapiga yowe. Nusrat akamwona nge akikimbilia ukutani, akamponda na kumtupa motoni. Mama alipokuja mbio kutoka dukani, aliambiwa mtoto amejikwaa tu.

Haukupita muda Anwari akalowa jasho. Mate yalimchuruzika, akatapika, miguu ikawa inarukaruka na macho yakahangaika huku na huku. Mama alidhani amekula kitu kibaya. Alimbeba mgongoni, wakakimbilia kituo cha afya.

Ajabu ni kwamba Nusrat hakulia. Mwili wote ulikufa ganzi. Maswali ya Daktari Ikupa aliyasikia kama yanaulizwa nyumba ya jirani. Mama alieleza habari ya kutapika, daktari akaagiza dripu, kwa kuwa mtoto anayetapika huishiwa maji. Nusrat aliitazama chupa ikitundikwa, wala hakuhisi hata huruma. Hilo ndilo lililomtisha: kwamba mdogo wake angeweza kufa na yeye asihisi kitu.

"Dokta," alisema, "ameumwa na nge. Sikugonga kuni. Nge nimemchoma moto."

Mama alimgeukia. Daktari aliisimamisha dripu, akachunguza nyayo za mtoto na kuona alama ndogo nyekundu. Akabadili dawa, akaketi naye mpaka mapigo ya moyo yakapungua kasi.

Jioni, Anwari akiwa usingizini, daktari alimweleza Nusrat jinsi sumu ile inavyofanya kazi.

"Mishipa ya fahamu ina milango midogo sana. Chembe za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, huingia hapo, na ndivyo ujumbe unavyosafiri mwilini. Ukishapita, mlango hufungwa. Sumu ya nge huushikilia usifungike, basi mishipa haipumziki. Ndiyo maana alitokwa jasho na mate, na moyo ukaenda mbio. Maji mengi yangeulemea moyo huo."

Nusrat aliuliza kama ganzi yake nayo ilikuwa sumu. Daktari alisema hapana, ile ilikuwa hofu.

"Wewe mlango wako ulikataa kufunguka," alisema. "Mwanangu, daktari hutibu anachoambiwa. Uvivu wako ulimuumiza mdogo wako, lakini uongo ungemuua. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa fimbo."

Asubuhi Anwari aliamka, akamnyooshea dada yake mikono na kudai uji. Hapo ndipo ganzi ilipomtoka Nusrat. Alilia sana, mpaka Bi Mwantum akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Basi, mama," alimwambia. "Twende nyumbani. Kuni zipo nje, zinakungoja."