Tumbo la Hadjara Siku za Giza

Kila asubuhi Hadjara alikunywa uji wake amesimama mlangoni, macho ameyaelekeza ziwani. Nyumba yao ilikuwa upande wa chini wa mji wa Rumonge, karibu na soko la samaki, na pale mlangoni aliweza kuona mitumbwi ikirudi. Baba yake, Ramazani, alikuwa mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, akivua usiku. Shida ni kwamba kengele ya shule haikungoja mitumbwi. Siku nyingi Hadjara aliondoka na madaftari yake kabla baba hajafika, na hapo ndipo tumbo lilipoanza kumnyonga.

Halikuwa tumbo la kusingizia. Lilimkata hadi jasho likamtoka, akalaza kichwa juu ya dawati, asisikie hesabu wala Kifaransa. Kituo cha afya kilimpima malaria kikakuta hana. Wakampa dawa ya minyoo, akaimaliza yote, na tumbo likabaki vilevile. Alikonda mpaka sketi ya shule ikawa inashikwa kwa pini.

“Hadjara anaumwa na ugonjwa wa mtihani,” alisema Aruna, mvulana wa dawati la nyuma ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. Darasa zima likacheka. Mkurugenzi wa shule hakucheka. Alisema mtoto anayekosa masomo namna hiyo atarudia mwaka.

Mama yake, Mwamini, ndiye aliyeona jambo lililomtisha zaidi. Mwezi ukiwa mkubwa, mtoto alikuwa mzima kabisa, anakula vizuri, anaruka kamba na wenzake. Siku za giza zikirudi, ugonjwa nao unarudi. Majirani, ambao hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote, wakasema hilo ni jini la mwezi. Hadjara akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, lakini tumbo halikusikia. Mwisho mama akaamua kwamba mtoto ataacha shule, apelekwe Kabonga kwa shangazi yake, akatafutiwe dawa huko.

Hadjara alijua vizuri kabisa kwamba si jini, ila hakuweza kusema. Masika yaliyopita dhoruba ilipindua mtumbwi wa baba yake mdogo, Shafii. Wenzake waliokolewa, yeye akazama. Matanga yalipoisha, mama alimshika Hadjara mabega akamwambia, “Katika nyumba hii, baba yako akiwa ziwani, hakuna kutaja habari za kuzama. Ukizitaja, unaziita. Umesikia?”

Nyumba nyingi zina miiko yake, na mama alisema vile kwa sababu naye alikuwa na hofu. Lakini hakujua amemtwisha nini mtoto wake. Tangu siku ile Hadjara aliamini kwamba uhai wa baba yake umo mdomoni mwake. Ulimi ukiteleza kwa neno moja tu, baba hatarudi. Mzigo huo ungemvunja hata mtu mzima, seuze mtoto wa mwaka wa sita wa shule.

Siku iliyofuata uamuzi ule wa Kabonga, Mwamini alikwenda shuleni kuonana na mwalimu wa Hadjara, Generoza.

“Amahoro, Madamu. Nimekuja kuchukua mutoto. Ugonjwa wake unafuata mwezi. Ataenda Kabonga.”

“Unafuata mwezi namna gani, Mama Hadjara?”

Mwamini akaeleza. Generoza alisikiliza bila kumkatiza. Yeye alizaliwa Minago, katika nyumba ya wavuvi, na alijua kwamba mwezi ukiwaka ndagala hawafuati taa za wavuvi.

“Siku anazokuwa mzima, baba yake analala wapi?”

“Analala nyumbani. Mwezi ukiwaka hakuna kazi.”

“Na siku anazoumwa?”

“Iko ziwani,” Mwamini akajibu, na hapo hapo akaelewa. Akakaa kwenye benchi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Hadjara akaitwa. “Unaogopa nini?” Generoza alimuuliza taratibu.

“Siwezi kusema, Madamu. Nikisema, itatokea.”

Mama yake akapiga magoti mbele yake. “Sema, mwanangu. Mimi ndiye nilikufunga mdomo, na leo mimi ndiye ninakufungua. Kuzama kwa baba yako mudogo hakukutajwa na mutu. Ni upepo ulimupindua.”

“Kila kengele ikilia,” Hadjara alisema, “sijui kama baba iko hai.”

“Hata mimi sijui,” mama akajibu. Wakalia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Safari ya Kabonga ikafutwa. Generoza alikwenda kwa mkurugenzi kuomba muda wa saa moja kila Alhamisi, watoto wazungumze yanayowaelemea.

“Sisi tunafundisha hesabu, Madamu, hatufundishi machozi.”

“Hesabu haziingii kwenye kichwa kilichojaa hofu, Bwana Mkurugenzi.”

Mkurugenzi akakubali. Tena, na asifiwe kwa hilo, aliomba kituo cha afya kiwe kinamtuma muuguzi aliyesomea kuwasaidia watu wenye huzuni na hofu.

Alhamisi ya kwanza Generoza aliuliza nani ana mtu wake ziwani. Mikono mingi ikainuka. Akauliza nani anaogopa. Mikono yote ikashuka. Ndipo Aruna, yule wa maneno mengi, akainua mkono wake polepole.

“Kaka yangu alikuwa na Shafii siku ile,” alisema. “Aliokolewa. Sasa amerudi kazini, na mimi silali.” Safari hii hakuna aliyecheka.

Sitawadanganya kwamba hofu iliisha. Siku za giza zilirudi, na asubuhi moja upepo mkali ulivuma ziwani. Kengele ililia mitumbwi haijaonekana. Tumbo likamshika Hadjara, naye akasimama darasani.

“Madamu, baba yangu bado hajarudi.”

Generoza akaweka chaki chini, akaja kukaa karibu naye. Baadaye Mwamini alitokea dirishani, anahema. “Amefika! Baba yako amefika!”

Hadjara alishusha pumzi, akatabasamu. Kisha akageuka nyuma.

“Na kaka yake Aruna, Mama?”

“Bado,” mama akajibu kwa sauti ya chini.

Hadjara akahamia dawati la nyuma, akakaa ubavuni mwa Aruna, akamshika mkono. Aruna akaufumbata kwa nguvu.

“Sikilizeni, watoto wangu,” Generoza akasema. “Kuogopa si uvivu wala aibu. Mwenye malaria tunampeleka apimwe, na mwenye hofu tunamsikiliza, hatumfungi mdomo. Wala hatumwachi angoje peke yake.”

Akavuta kiti chake hadi dawati la nyuma, na darasa zima likangoja pamoja na Aruna.