Njia ya Upande wa Kaskazini

Jumatano moja ya mwaka 2007, jua likiwa limeshaegemea milima, Ibtihal aliendesha gari kutoka Nizwa hadi Al Hamra kuchukua sidii. Kazi ya nusu saa tu. Bosi wake, Bwana Nasr, alikuwa na mpango wa kujenga kambi ya wageni chini ya mlima mmoja nyuma ya Al Hamra, na Jumamosi asubuhi washirika wake walikuwa wanakuja kuuona mlima huo kwenye kompyuta. Vipimo vyake alikuwa navyo mzee Musallam, mpimaji mstaafu, aliyezaliwa Bujumbura akarudi Oman ujanani.

"Shikamoo, Ami Musallam."

"Marahaba, binti."

Hakumkaribisha ndani. Alimpa sidii pale pale mlangoni, lakini vidole vyake vikachelewa kuiachia.

"Upande wa kaskazini sikuupima. Nilikisia."

"Kwa nini, Ami?"

"Kuna njia ya wachungaji pale. Niliianza siku moja… nikarudi." Akautazama mlima, uliokwisha kuwa mweusi. "Wewe chora tu. Usiulize."

Ibtihal alirudi Nizwa amenuna. Vipimo nusu, siku mbili, na programu ambayo ofisi nzima hakuna aliyeijua!

Programu yenyewe haikuwa ya kuchora kwa mkono. Ilikuwa ya visanduku. Kisanduku kimoja kinatoa mlima. Cha pili kinaunyeshea mvua ya miaka elfu mpaka mabonde yachimbike. Cha tatu kinaupaka rangi ya jiwe. Unavuta waya kutoka hiki kwenda kile, na mwisho wa nyaya zote unapata nchi nzima. Ndivyo kilivyodai kitabu chake cha kurasa mia tatu.

Alhamisi nzima, kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, Ibtihal alipata kila kitu isipokuwa mlima. Mara uwanda mtupu kama sinia. Mara miiba mirefu inayochoma mbingu. Mara kiza. Na kila alipobadilisha waya mmoja ilibidi asubiri dakika arobaini kompyuta ipige hesabu, feni ikilia, naye anatafuna kucha.

"Khalas, nimechoka!" alipiga kelele peke yake.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri mlima ukatoka. Ulikuwa wenyewe hasa, na makorongo yake na mabega yake. Ibtihal alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Kisha akaiona njia.

Ilikuwa upande wa kaskazini. Nyembamba, nyeupe, imepanda kwenye jiwe na kupinda mara tatu, halafu imeishia kwenye kitobo cheusi.

Yeye hakuchora njia. Programu haikuwa hata na kisanduku cha kuchora njia.

Alidhani ni mvua. Akakitoa kisanduku cha mvua, akasubiri dakika arobaini. Njia ipo. Akatoa rangi. Ipo. Akang'oa nyaya zote, mmoja mmoja, mpaka machozi ya hasira yakamlenga. Mlima ukapotea wote, pakabaki weupe mtupu…

Na njia. Imening'inia kwenye weupe ule, haina cha kushikilia.

Akateremsha ukurasa chini kabisa. Huko pembeni, mbali na vingine, kulikuwa na kisanduku kimoja. Hakina jina. Hakina waya unaoingia wala unaotoka.

Akakifuta. Akafunga programu, akaifungua tena.

Kipo.

Hapo ndipo bibi yake, Bi Asya, alipoingia na birika la kahawa. Mzee huyu alikuwa wa Unguja mjini, na mpaka leo alisema Kiswahili cha huko kama vile aliondoka jana. Alikitazama kioo cha kompyuta, na ile njia nyeupe. Akaliweka birika mezani.

"Nani kakuchorea njia ya Khalifa?"

"Bibi, tafadhali. Leo usianze."

Khalifa alikuwa kaka yake Ibtihal. Miaka mitatu nyuma alikuwa akifanya kazi ya barabara kule Al Hamra, jabali likamwangukia. Akaletwa nyumbani amefunikwa. Bi Asya alifunua uso, akautazama sana, kisha akasema mbele ya watu wote: "Huyu si Khalifa. Mmeletewa kigogo cha mgomba." Familia ikafedheheka. Lakini wazee wa Oman waliokuwapo hawakucheka. Wao humwita mtu wa namna hiyo mughayyab, aliyefichwa. Mchawi humchukua akiwa hai, huwaachia jamaa zake mfano wa maiti wauzike, naye humpeleka milimani amchungie mbuzi.

"N'nakwambia kila siku hunisikii," alisema Bi Asya kwa sauti ya chini. "Hunijia ndotoni. Husema, Bibi, napanda njia, inapinda mara tatu, halafu kuna mlango. Mara ngapi n'mekwambia?"

Mara mia. Mara elfu. Ibtihal alikuwa amechoka kuhesabu.

"Ni makosa ya kompyuta, Bibi."

"Basi yaache hayo makosa. Usiyafute mpaka unipeleke. Niahidi."

"Inshallah," alisema Ibtihal, ili aachwe.

Jua likazama. Simu ikalia. Bwana Nasr.

"Picha tayari? Kesho saa mbili, Ibtihal. Wallahi ukiniaibisha, tafuta kazi pengine."

Alikata simu kwa hasira. Siku mbili! Siku mbili za maisha yake kwa mlima na njia ya ndoto za bibi kizee. Safari hii hakukifuta kisanduku peke yake. Aliingia kwenye mafaili, akatafuta kila pahala kilipojihifadhi, akayachagua yote ayafute.

Programu ikauliza: una hakika?

Chumba kikanuka mbuzi.

Si kidogo. Harufu nzito ya manyoya yaliyorowa, kama zizi lililofunguliwa nyuma ya kiti chake. Na chini ya mlio wa feni akasikia pumzi… pumzi ya mtu anayepanda mlima… anakazana… amekaribia…

Akabonyeza ndiyo.

Kimya. Harufu ikakatika. Akarudisha nyaya zote, akasubiri; kule msikitini muadhini alipoanza adhana ya isha, mlima ukatoka safi, upande wa kaskazini laini kama ukuta uliopigwa lipu.

Jumamosi washirika walipiga makofi. Bwana Nasr alimwita "mhandisi" mbele yao. Ibtihal alicheka nao, lakini kahawa hakuigusa.

Alipofika nyumbani kutoka kazini, kabla hajashuka, Bi Asya akaingia garini, amevaa buibui lake. "Uliniahidi."

Walimpitia mzee Musallam, naye hakubisha. Alichukua fimbo yake tu. Jua lilikuwa bado juu ya mitende walipofika chini ya mlima na kuzungukia kaskazini.

Mzee Musallam akasimama.

"Ilikuwa hapa," alisema. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hapa hapa, penye mkunazi huu. Nimeikanyaga kwa miguu yangu. Wachungaji wamepita jana asubuhi, nimewaona."

Mbele yao palikuwa na jiwe tupu. Halina ufa, halina kidato, hata mjusi asingepata pa kushika.

"Nyayo," alinong'ona Bi Asya.

Mchangani palijaa alama za kwato za mbuzi, mbichi, hazijaguswa na upepo. Katikati yake nyayo za mtu asiye na viatu. Zote zilielekea kwenye jiwe. Za mwisho zilikuwa nusu. Kisigino kilikuwa huku nje, na vidole havikuonekana, vimeingia chini ya jabali.

Hakuna zilizorudi.

Bi Asya aliweka shavu lake kwenye jiwe. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, macho amefumba. Ibtihal alitaka kumvuta, akashindwa kunyanyua mkono.

Ndipo wote watatu wakasikia. Kengele. Kengele ndogo za shingoni mwa mbuzi, nyingi, zinatoka ndani kabisa ya mlima, zinakuja taratibu upande wao. Mzee Musallam akaanza kusoma kwa midomo bila sauti.

Bi Asya akafumbua macho, akamgeukia mjukuu wake.

"Jana ilikuwapo. Nani kaifunga?"

Ibtihal aliutazama mkono wake. Aliona kidole chake kikibonyeza. Alifungua mdomo aseme kweli, na kweli haikutoka.

"Sijui, Bibi."

Kengele zikanyamaza. Zote kwa pamoja, kama mbuzi wanavyosimama mchungaji wao anapoinua mkono ili asikilize.