Ngazi ya Kifo Ndani ya Sanduku la Bibi Harusi

"Ala! Hiki nini tena?"

Mama mdogo Birago alikuwa ameinamia sanduku la mahari katikati ya ua, anatoa kitambaa kimoja kimoja na kukiinua juu, na kila kikiinuka wanawake wanashangilia. Alipoinua kile cha rangi ya waridi, shangwe zikakatika.

Konadu alikuwa chumbani nyuma ya pazia, maana bibi harusi hatoki mpaka aitwe. Kutoka dirishani alikiona vizuri mno. Mwezi mwembamba, nyota katikati ya pembe zake, na ngazi imesimama juu ya ile nyota. Pembe moja ya mwezi imemeguka. Kibuyu cha muhuri huo kilimeguka siku baba yake anakichonga huku analia, na mzee akakataa kuchonga kingine.

Akakaa kitandani na vazi lake lote la kente.

Pale Ntonso, kijiji cha wapiga mihuri ya nguo, hata mtoto anaijua ngazi ya kifo, kwamba kila mtu ataipanda. Mwezi na nyota ni mapenzi ya mke na mume. Lakini kuviunganisha hivyo lilikuwa jambo la baba yake, mzee Kyei, peke yake. Mkewe alipofariki alichonga muhuri ule, akauchovya kwenye rangi nyeusi ya magome na kuupiga kwenye nguo moja tu, ile aliyozikwa nayo mama yake Konadu. Alikuwa anamwambia mkewe kwamba hata akipanda, bado ni wake. Sasa mashine imeutapakaza kwenye waridi kama maua ya pazia!

Konadu akachukua simu, akaandika ujumbe. Bwana harusi, Asiama, alikuwa amekaa palepale uani katikati ya ndugu zake.

"Hicho kitambaa cha waridi umekitoa wapi?"

"Kipi mpenzi? Sanduku kapanga dada. Nilimwambia achukue chochote kizuri dukani kwangu."

"Chenye muhuri wa mama yangu."

Alimwona anavyosoma, kisha anavyofuta jasho. Kisha jibu likaingia.

"Tuongee baadaye. Usiniharibie siku."

Loh! Usiniharibie siku! Konadu akapiga. Asiama akapokea huku amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Konadu, watu wananiangalia."

"Waache wakuangalie. Ulipiga picha lini?"

"Mpenzi wangu, sikiliza..."

"Siku ile nilipokufungulia kabati la muhuri? Nimelia begani kwako nakueleza maana yake, kumbe wewe unawaza picha?"

"Ulikwenda kuniletea maji. Nilipiga moja tu. Mchoro ni mzuri, Konadu! Kiwandani waliupenda, na pale sokoni Kejetia wanaugombania."

"Na mimi je? Ulidhani sitaona?"

"Ningekwambia baada ya harusi. Faida si yetu sote? Halafu wanunuzi wenyewe hawajui maana. Kwao ni urembo tu."

"Wewe ulijua."

Asiama huyu ndiye aliyekaa naye hospitali wiki nzima Konadu alipougua, anamlisha uji kwa kijiko. Konadu alimpenda, na alikuwa bado anampenda hivyohivyo akiwa na hasira ya kumrarua. Akakata simu.

Uani Mama mdogo Birago alishapandisha sauti.

"Nyie wakwe, hebu mtueleze! Ngazi ya kifo kwenye sanduku la bibi harusi? Mmekuja kumwoa au kumzika?"

"Jamani, si fasheni tu!" dada yake Asiama akajitetea. "Mbona mjini wanavaa mpaka kwenye sherehe za kuzaliwa?"

"Wanavaa! Na aibu hamna!"

"Birago," mzee Kyei akasema. "Kirudishe sandukuni."

Hakupaza sauti. Alikuwa anatazama ardhi, na mikono yake, ile iliyojaa rangi nyeusi isiyotoka hata kwa sabuni, imeshikana magotini. Konadu alipomwona hivyo, alitamani kuvunja kitu.

Mjomba Sarpong, mkuu wa ukoo, akasimama haraka. Wageni walishafika, vyakula vimeiva, na alishajitapa mji mzima kuhusu mkwe mwenye duka.

"Ni makosa ya wapanga sanduku, basi. Hatuvunji shughuli kwa sababu ya kitambaa. Mleteni binti."

Konadu akatolewa. Chupa za pombe za upande wa mume zilikuwa mezani, zinamsubiri. Bila kauli yake hazifunguliwi, na zisipofunguliwa hakuna ndoa.

"Mwanangu," mjomba akasema, "hawa wameleta kinywaji kwa ajili yako. Tukipokee?"

"Mjomba, kwanza Asiama aseme alichofanya. Aseme mwenyewe, mbele ya baba."

Minong'ono ikazuka. Asiama akasimama, akajaribu kutabasamu.

"Baba, ni biashara tu. Niliuona muhuri, nikaona haifai ukae kabatini bure. Nimeutangaza. Ningekuletea na mgao wako."

"Mgao wa nini?" mzee Kyei akauliza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu asiyeelewa. "Wa kifo cha mke wangu?"

"Konadu," mjomba akamsogelea na kumnong'oneza, "mwanamume kakosea, atatozwa faini. Usitutie aibu." Kisha kwa sauti, "Nauliza mara ya pili. Tukipokee?"

Asiama akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake nyeupe.

"Konadu, nitavichoma vyote! Nakuapia, kesho navichoma!"

"Utawavua watu barabarani? Vimeshanunuliwa, Asiama. Kuna watu wamelalia muhuri wa mama yangu, na wengine wanafutia meza."

"Sikudhani utaumia hivi."

"Ulikuwepo nikilia! Wewe ndiye ulinifuta machozi! Ungeniomba, ningekukatalia, ungenuna, tungeendelea na maisha yetu. Hukuomba kwa sababu ulijua jibu."

"Nakupenda."

"Najua. Na bado uliniibia."

Mzee Kyei akainua kichwa. "Mwanangu, usikatae kwa ajili yangu. Mimi ni mzee. Kama unamtaka, mchukue."

"Namtaka, baba," Konadu akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. "Ila nikiingia nyumbani kwake, kila nitakachomfungulia moyoni mwangu nitajiuliza anakiuza kwa nani."

Mjomba Sarpong akajikohoza.

"Mara ya tatu, na ya mwisho. Tukipokee?"

"Hapana."

Akasema wazi, mpaka waliokaa nyuma wakasikia. Mama mdogo Birago akafunga sanduku kwa kishindo, akamsukumia dada yake Asiama miguuni. Chupa zikabebwa kama zilivyokuja. Asiama alisimama getini muda mrefu, anamtazama Konadu, mpaka ndugu zake wakamshika mkono wakamtoa.

Konadu akavua kilemba, akajitupa kwenye mkeka karibu na baba yake.

"Nimewatukana wageni, baba."

Mzee Kyei akaweka mkono wake mweusi juu ya kichwa cha binti yake.

"Hujatukana bado," akasema. "Angekuwepo mama yako, wangetoka hapa wanakimbia."